Futi Tatu Nyuma ya Cherehani

4 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na miguu haijavimba. Ujumbe wako nimeupata: nisipige tena simu, kwa sababu unaishia kuitikia "eeh, eeh" kwa maneno usiyoyasikia, halafu unakuja kugundua umekubali jambo. Kelele za cherehani zimekula masikio yako kwa miaka thelathini na moja, basi tuandikiane. Dereva wa basi la vifurushi ameapa kukufikishia barua mkononi. Nimemwambia akiipoteza atakujua.

Umesema wateja wanakuuliza mimi nafanya kazi gani, nawe unawajibu "ana kompyuta." Haya, sikiliza uwajibu vizuri. Ramani za viwanja za zamani, zile za karatasi, tunaziingiza kwenye kompyuta. Kila kiwanja nakichora mzunguko hadi mstari urudi ulikoanzia. Umbo hilo lililofungwa tunaliita poligoni. Viwanja viwili vya majirani vinatakiwa vigusane bila kubaki hata uwazi wa unywele. Lakini ramani zilichorwa na watu mbalimbali, miaka mbalimbali, kwa hiyo shiti mbili, yaani karatasi mbili za ramani, zikikutana, mara nyingi katikati panabaki mwanya, ukanda mwembamba ambao si wa mtu yeyote. Programu inautafuta na kuupaka rangi nyekundu. Mimi kazi yangu ni kuuziba.

Bosi wetu tunamwita Bwana Rula, maana rula ya chuma haitoki mfukoni mwa shati lake. Kanuni yake ni moja: mwanya apewe jirani anayepakana nao kwa urefu mkubwa zaidi. Nabonyeza kitufe, mwanya umekwisha. Tangu mwezi wa kwanza nimeziba mianya mia mbili na kumi na nne, na hakuna aliyenifikia ofisi nzima. Wengine wananiita Bi Ziba.

Faili langu la kwanza lilikuwa la mji wetu, na limeshapelekwa manispaa. Niliuona mtaa wetu kutoka juu, Shangazi, kwenye picha ya angani. Nikaliona hata paa la chumba chako cha kushonea. Nilijisikia mtu mkubwa.

Mwanao,
Kidole

*

15 Machi

Kidole wangu,

Marahaba. Dereva amenifikishia barua akiwa ameishika kwa vidole viwili kama yai. Nimewasomea wateja watatu, na mmoja wao alikuja kupunguziwa sketi tu, hakuwa na haraka, nikamsomea mara mbili. Sasa mtaa mzima unajua kwamba binti wa kaka yangu anaziba mianya ya nchi nzima kwa kidole kimoja. Na hicho kidole ndicho ulichokitoboa kwa sindano yangu ukiwa mdogo ukalia hadi jirani yetu fundi viatu akaja kuuliza nani amekufa.

Mimi mzima. Miguu ipo. Kazi zipo, ingawa wiki hii nimepokea chache, napumzika kidogo.

Nina swali, si langu, ni la mteja wangu mmoja. Yeye ana chumba cha nyuma ambacho ndicho anachofanyia kazi. Wamekuja watu wa manispaa, wakapima, wakamchorea X nyekundu kwenye ukuta wa nyuma. Wamesema chumba chake kimeingia futi mbili ndani ya eneo la godauni lililo nyuma yake, na ramani mpya ndiyo inavyosema. Amepewa hadi mwisho wa mwezi wa tano akibomoe mwenyewe, la sivyo watakuja na mashine. Ukikata futi mbili kwenye chumba kile hakibaki chumba, unabaki ujia. Na mwanamke huyo hana kazi nyingine anayoijua wala mahali pengine pa kuifanyia.

Sasa wewe mtu wa ramani, mtu kama huyo anamwona nani? Ni kuuliza tu.

Shangazi yako

*

22 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mwambie mteja wako asibomoe hata tofali moja. Asitie sahihi karatasi yoyote. Na mwambie aendelee kupokea nguo za watu, maana namjua, ukimwachia siku tatu bila kazi anaumwa kweli.

Nimelifungua tena lile faili la mji wetu. Kati ya godauni na zile nyumba kumi na tisa za upande wetu kulikuwa na mwanya mrefu, nao wote ukapewa godauni. Ndivyo kanuni inavyotaka: kila nyumba inapakana nao kwa futi ishirini na kitu, godauni linapakana nao mwanzo hadi mwisho. Hakuna nyumba ambayo ingeshinda.

Lakini nimeutazama mwanya wenyewe kwenye nakala ya kabla haujazibwa, na umbo lake limenikosesha raha. Mwanya unaotokana na mkono kutetemeka huanza mnene ukaisha mwembamba, au unapindapinda. Huu una upana uleule, inchi thelathini na sita, nyumba kumi na sita mfululizo. Halafu nyuma ya fundi viatu unatanuka ghafla kuwa inchi sitini, kisha unarudi thelathini na sita. Kitu chenye nidhamu namna hiyo si bahati mbaya. Unafuata kitu.

Nakumbuka zamani palipita mtaro pale nyuma, na kwa fundi viatu palikuwa na kidaraja. Siku hizi umefukiwa na uko ndani ya uzio wa godauni. Shiti ya godauni ilichorwa upya baada ya kuufukia, kwa hiyo mtaro hauonekani popote. Naomba upana wake. Kama kingo za mawe bado zinaonekana, nipimie sehemu mbili: nyuma ya mteja wako, na pale penye kidaraja. Bwana Rula amesema nikimletea vipimo vinavyolingana na mwanya, kwa tofauti isiyozidi inchi tatu, atanifungulia stoo ya ramani za karatasi. Zisipolingana, nisimsumbue tena.

Na huyo mteja wako, Shangazi, cherehani yake ni ile nyeusi ya kukanyaga yenye gurudumu linalolia?

Kidole

*

2 Aprili

Wewe mtoto,

Umenikamata. Ni mimi. X iko nyuma ya kichwa changu hapa ninapoandika, na wametumia rangi ya mafuta, haitoki hata kwa sabuni ya unga. Sikutaka kukwambia kwa sababu kazi bado changa na ungeiacha uje kunililia hapa mlangoni. Kulia naweza mwenyewe.

Ila nilikuwa nimeanza kukata tamaa, nakiri. Nilikwishawafungia wateja nguo zao kwenye mifuko ili waje wachukue. Barua yako ilipofika nimezifungua zote, na sasa sijui sketi ipi ya nani.

Mtaro nimeupima. Usiniulize kama niliruhusiwa. Fundi viatu alikuwa anapeleka buti za mlinzi wa godauni, na mimi nikawa msaidizi wake wa kubeba buti moja. Mlinzi alipokaa kuzijaribu, na zinambana, maana fundi alizibana makusudi, mimi nikapata dakika zangu za kuzunguka nyuma. Kingo za mawe zipo, pande zote mbili, zimejitokeza kama ufizi. Nimepiga magoti kwenye majani na tepu yangu, mwanamke wa miaka sitini na tatu, na paka wa godauni akinitazama.

Nyuma yangu: inchi thelathini na sita. Penye kidaraja: inchi sitini. Nimepima mara mbili kila sehemu kama ninavyompima bibi harusi.

Sasa fanya kazi yako.

Shangazi yako, mbeba buti

*

11 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Sina habari nzuri.

Nilipopata barua yako nilishangilia, kisha nikakumbuka tepu yako. Ile ya njano, isiyo na mwanzo, kwa sababu mimi mwenyewe nilikata inchi sita za kwanza nikiwa na miaka sita nikamfunga mwanasesere mkanda. Tepu inayoanzia sita inadanganya kwa sita. Nikatoa inchi sita kwenye kila kipimo, kama haki inavyotaka. Nyuma yako imekuwa thelathini, kwenye kidaraja hamsini na nne. Mwanya wangu ni thelathini na sita na sitini. Tofauti ni inchi sita kila mahali, mara mbili ya anayovumilia Bwana Rula. Aliweka rula yake juu ya karatasi yangu, akaitazama, akanirudishia. Stoo haikufunguliwa.

Kuna jingine, na siwezi kulibeba zaidi. Niliandika kwamba mwanya "ukapewa" godauni, kana kwamba ulijipeleka. Ni mimi niliyeutoa. Tarehe kumi na tisa mwezi wa kwanza, saa nne asubuhi, jina langu liko kwenye kumbukumbu ya programu. Nilichagua mianya yote ya mtaa wetu kwa mpigo, nikabonyeza, nikaenda kunywa chai. Sikuifungua mmoja mmoja. Nilikuwa nataka kufikisha hamsini kabla ya mchana. Ile X ukutani kwako ni mkono wangu, Shangazi. Chumba kilichonilea, nilichofanyia hesabu zangu za shule chini ya meza ya kukatia, nimekiuza kwa kitufe.

Naona aibu kiasi cha kushindwa kuandika zaidi.

Kidole

*

16 Aprili

Kidole,

Kaa chini. Futa kamasi. Soma taratibu.

Tepu ile ina miaka ishirini na miwili haina inchi sita. Katika miaka hiyo nimeshona sare za shule tatu, makoti ya kwaya, na magauni ya mabibi harusi nisiyokumbuka idadi yao. Unadhani nimekuwa nikiwapa watu viuno vyenye makosa ya inchi sita, na bado wanarudi? Mimi nikisoma arobaini na mbili kwenye tepu, mdomo wangu unasema thelathini na sita kabla sijafikiri. Sijawahi kumtajia mtu namba ambayo sijaitoa sita. Nilizokuandikia nilikuwa nimeshazitoa.

Wewe ukazitoa tena. Mimi nimepunguza, na wewe umepunguza, kila mmoja akidhani mwenzake hajapunguza, na mtaro wa watu umekonda bure. Nimecheka hadi fundi viatu akaja mlangoni na nyundo yake.

Vipimo ni thelathini na sita na sitini. Mpelekee huyo Rula.

Na hilo la kitufe. Nimekasirika, nisikufiche. Nilikaa na barua yako siku moja nzima bila kuijibu, na pindo moja nikalishona kinyume. Si kwa sababu ulikosea. Mimi nimekata vitambaa vya watu vibaya nikiwa mkubwa kuliko wewe. Nimekasirika kwa sababu ulikuwa unashindana kwa kasi, na mimi nilikufundisha kwamba nguo haikatwi kabla mwenyewe hajasimama mbele yako. Basi, nimeshakasirika, yamekwisha. Wewe ndiye uliyekibonyeza na wewe ndiye unayeijua njia ya kuirudisha ardhi. Ningekuwa na mtu mwingine ofisini humo ningemwandikia yeye. Nina wewe.

Shangazi yako

*

26 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, tena kwa magoti mawili.

Nilisoma barua yako nimesimama kwenye korido, na niliposoma "wewe ukazitoa tena" nilikaa chini palepale sakafuni, kwa sababu niliona kila kitu kwa pamoja. Si tepu tu. Ramani.

Nilimpelekea Bwana Rula vipimo sahihi. Akaweka rula, akanyanyua nyusi, akachomoa ufunguo. Nimekaa stooni siku tatu, nimepiga chafya hadi mbavu zinauma, na nimepata vitu viwili.

Cha kwanza ni daftari la mpima aliyepima mtaa wetu kwa miguu. Ukurasa wa kwanza ameandika kwa mkono mzuri: "Vipimo vyote vimeanzia ukingo wa mtaro upande wa nyumba. Mtaro haumo." Yaani mtaro alishauacha nje. Viwanja vyote kumi na tisa, urefu kutoka ukingo hadi barabarani, ni futi themanini. Penye kidaraja mtaro ulitanuka upande wa godauni tu, kwa hiyo hata kwa fundi viatu ni themanini zilezile.

Cha pili ni shiti yenyewe ya karatasi. Ile nakala ya kompyuta ninayoitumia mimi ilikatwa kingo ilipopigwa picha, na kwenye ukingo uliokatwa, kwa herufi ndogo, mchoraji ameandika: "Upana wa mtaro umetolewa kwa kila kiwanja." Alikaa ofisini na daftari, akadhani mpima ameuhesabu mtaro, akautoa kwa uangalifu kila mahali. Futi tatu, na penye kidaraja futi tano. Ndiyo maana mwanya una umbo la mtaro. Mpima alipunguza, mchoraji akapunguza tena, wote watu makini. Ardhi ile ni yenu. Haikuwahi kuwa ya godauni hata siku moja.

Kisha nikafanya jambo ambalo liliniogopesha kuliko lile la kitufe. Nilimwambia Bwana Rula kwamba mwenye chumba kimoja ni shangazi yangu aliyenilea. Akaninyang'anya faili papo hapo, akampa mwenzangu mmoja asiyejua hata mji wetu uko wapi. Amesema ushahidi ni mzuri lakini umetoka mkono wenye masilahi, kwa hiyo lazima upimwe upya chini, mbele ya watu wote, kwa vifaa vya ofisi. Watakuja tarehe kumi na nne mwezi wa tano. Mimi nimekatazwa kuja. Pia atanipa barua ya onyo.

Nisikudanganye: daftari peke yake halitoshi. Kutoka bikoni ya barabarani, lile jiwe la alama ya mpaka, hadi jiwe la mtaro lazima zitoke futi themanini. Zikitoka sabini na saba, chumba kinavunjwa.

Tafadhali siku hiyo usibishane na mtu. Waonyeshe ilipo bikoni, halafu uwaache wapime.

Kidole

*

15 Mei

Mwanangu,

Keti nikusimulie, maana jana hukuwepo na imekuuma, najua.

Walifika saa tatu. Bwana Rula ni mfupi kuliko nilivyomfikiria, lakini rula ni ndefu kama ulivyosema. Alikuja na huyo mwenzako, kijana mpole, amebeba mashine ya miguu mitatu. Meneja wa godauni akatokea na faili lenye kamba na tai inayomkaba. Majirani wote kumi na tisa walikuwa nje, wengine wamebeba viti.

Meneja alianza yeye. "Jamani, mbona tunapotezeana muda? Ramani ya kompyuta imeshasema hii ni yetu."

Bwana Rula akamjibu bila kumtazama, "Kompyuta inasema tulichoiambia. Leo tumekuja kuangalia tuliiambia nini."

Nilitaka kupiga vigelegele palepale, lakini nikakumbuka umenikataza kubishana, nikadhani labda na kushangilia kumo.

Wakauliza bikoni. Hakuna aliyeijua, meneja akatabasamu. Nikawaambia wahamishe ile benchi ya wateja wangu iliyoko mbele. Wakahamisha. Nikawaambia wafagie mchanga. Likatokea jiwe na msumari wake katikati, limekaliwa na mtaa mzima kwa miaka thelathini na moja bila kulalamika. Tabasamu la meneja likapungua kidogo.

Wakavuta utepe wa chuma kupitia ujia wa pembeni ya nyumba, mwenzako akishika mwisho mmoja kwenye bikoni na Bwana Rula mwenyewe akienda na mwingine hadi ndani ya uzio wa godauni. Nilikuwa nimesimama katikati, siwaoni vizuri, na unajua masikio yangu. Nikaona midomo ya Bwana Rula inatikisika. Sikusikia kitu. Nikamshika fundi viatu mkono, nikamwuliza, "Amesemaje?" Naye akawa analia huku ananionyesha vidole tu, nane. Nane.

Themanini, Kidole. Themanini na robo inchi.

Hiyo ilikuwa ya kwanza. Ilibidi wapime zote. Nyumba ya pili, themanini. Ya tatu, themanini. Kufika ya saba watu walikuwa wameanza kuitaja wenyewe kabla utepe haujanyooka, na mimi nilikuwa naisikia, nakuapia, hata mimi niliisikia. Kwa fundi viatu kwenyewe pale penye kidaraja, themanini. Nyumba ya kumi na tisa Bwana Rula hakuisoma kabisa. Alimgeukia meneja akamkabidhi utepe, akamwambia, "Soma wewe." Meneja akasoma. Sauti ilikuwa ndogo lakini namba ilikuwa ileile.

Bwana Rula akatangaza mbele ya wote kwamba ofisi yake ndiyo iliyokosea, tena mara mbili, mara ya kwanza kwa kalamu na mara ya pili kwa kompyuta, na kwamba hakuna ukuta utakaovunjwa. Halafu akaja kwangu. Nilidhani atanisema kwa ajili yako. Akaniomba aione ile tepu. Nikampa. Akaipima kwa rula yake, akakuta kweli pamekatika inchi sita, sawasawa kabisa. Akasema, "Alikuwa na miaka sita akakata mahali pamenyooka hivi?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi ofisi yetu ndiyo mahali pake."

Haya, lia sasa. Nimekupa ruhusa.

Shangazi yako

*

31 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nimelia, nikanywa maji, nikalia tena.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho waliyokupa, na badala ya mashine wamekuletea bahasha, au itakufikia kesho: ramani mpya yenye mhuri, kiwanja chako futi themanini. Kumi na tisa zimetumwa. Mwenzangu ndiye aliyerekebisha faili, kama ilivyoamriwa. Mimi nilisimama nyuma ya kiti chake mikono mgongoni. Alipomaliza, akaiambia programu itafute mianya kati ya godauni na mtaa wetu. Ikazunguka, ikazunguka, ikaleta jibu: sifuri. Hakuna nyekundu hata chembe. Kila mstari umegusa mwenzake. Nimekuwa nikiziba mianya tangu mwezi wa kwanza na sijawahi kuona sifuri ya kweli hadi leo.

Barua ya onyo nimepewa, kali, na nimestahili. Lakini chini ya barua hiyo ilikuwepo nyingine. Bwana Rula amekizima kile kitufe kwenye kompyuta zote. Kuanzia sasa hakuna mwanya unaozibwa kabla mtu hajaenda kusimama juu yake. Ile mingine yote niliyoiziba, ile mia mbili na kumi na tatu na iliyofuata, itafunguliwa upya mmoja mmoja, na msimamizi wa kazi hiyo, kwa maandishi, ni mimi. Nimepewa buti, kofia na utepe wa chuma.

Siku zote nilitaka kuwa wa kwanza ofisini kwa haraka. Sasa nitakuwa wa mwisho kumaliza, na sijawahi kufurahi hivi.

Kidole wako

*

12 Juni

Kidole wangu,

Bahasha imefika. Nimeisoma kwa miwani, nikaisoma bila miwani, nikampa fundi viatu aisome kwa sauti, na yeye kwake ana ya kwake lakini akaja kusoma yangu.

Sasa kuna jambo ambalo huenda wewe mtu wa ramani hulijui. Ile siku ya vipimo niliona mwenyewe: ukuta wangu wa nyuma haujafika ukingo wa mtaro. Umebaki nyuma kwa futi nzima. Ina maana miaka yote hii nimejibana kwa hofu, na bado nilikuwa na futi moja ya akiba nje ya ukuta wangu mwenyewe.

Fundi aliyenijengea alikataa kuweka dirisha upande ule. Alisema ukuta wa mpakani hautobolewi, utanizulia ugomvi. Nikashona gizani, taa ikiwaka saa nne asubuhi, mwanga ukitoka mlangoni tu, na kila mteja akisimama kupimwa ananizibia. Nilizoea. Nilidhani ni macho yangu yanayozeeka.

Jana nilimwita fundi mwashi, nikampa nyundo, nikamwonyesha ile X. Nikamwambia, "Bomoa hapo." Aliniangalia kama nimerukwa na akili. "Mama, si mmeshinda?" Nikamwambia ndiyo maana.

Leo ni saa tatu asubuhi. Taa imezimwa. Nimetunga uzi mweusi kwenye sindano mara ya kwanza tu nilipojaribu, bila miwani, na ninaandika haya nikiwa nimekaa mbele ya dirisha langu.

Shangazi yako